Mgongo wa Tandu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti na kuambiwa nilitafutie mtu. Wengine huanza kazi kwa kupewa meza, au ufunguo, au mwenzao wa kuwaonyesha choo kilipo. Mimi nilipewa koti la kijivu lililofika magotini, vifungo sita kifuani na vinne mikononi, jumla kumi. Nilivihesabu mara mbili mbele ya Mkurugenzi, maana nimetoka soko la Gikomba, na kule ukipokea nguo bila kuhesabu vifungo, kikikosekana kimoja ni wewe uliyekila.

"Huyu ndiye Tandu," Mkurugenzi aliniambia, akililaza koti mikononi mwangu kama mtoto mchanga. "Waigizaji huja wakaenda, Mama Sauda. Huyu habadiliki."

Waliokuwa watoto Eastlands ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya sabini hawahitaji kuambiwa Tandu ni nani. Kwa ajili ya nyinyi mliozaliwa baadaye: alikuwa jasusi wa sinema zetu. Alionyeshwa kwenye kumbi za mitaa, Kaloleni mpaka Jericho, kwenye shuka jeupe lililopigiwa misumari ukutani, na kesho yake watoto walinyemeleana baina ya nyumba wakijiita Tandu wote, hakuna aliyekubali kuwa adui. Yule mkuu wa sinema tulimwita stelingi, na sheria ya stelingi ni moja: hafi. Tandu hakufa hata mara moja, ingawa kila filamu walimjaribu mara tatu.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza makoti ya mitumba. Mkurugenzi alikuja kibandani kwangu na mwigizaji wake, akachagua koti moja la kijivu. Nikamwambia, "Koti ni zuri, lakini limemkataa huyu bwana. Tazama mabega." Alicheka, akalinunua, akaenda. Wiki mbili baadaye akatuma mtu kuniita, nilitafutie koti lile lile mtu mwingine. Leo kazi ile ina jina kubwa la Kizungu na watu wanaisomea. Wakati wetu niliitwa mama wa watu.

Ofisi yetu ilikuwa godauni huko Baba Dogo, baina ya kiwanda cha rangi na karakana ya vitanda vya chuma, hivi kwamba siku nzima ulinusa kimoja na kusikia kingine. Hapo ndipo nilipofundishwa neno mwendelezo, ambalo maana yake ni kwamba sigara iliyokuwa mkono wa kulia isije ikaamkia mkono wa kushoto. Kwetu sisi mwendelezo ulikuwa balaa zaidi. Tandu wa kwanza alipata nafasi ya kusoma ng'ambo baada ya filamu moja, akaondoka. Alituachia mikebe saba ya filamu: Tandu akiruka reli, Tandu akipanda paa, Tandu akipotea ndani ya umati, zote zimepigwa kwa nyuma. Kuzipiga upya hatukuweza. Kwa hiyo kila Tandu mpya ilibidi awe na mgongo wa yule wa kwanza, ili tukichomeka vipande vya zamani mtazamaji asishtuke. Wenzetu walichagua nyuso. Sisi tulichagua migongo.

Nilikuwa na njia yangu. Nilichora chaki sakafuni, toka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Tandu wa kwanza alimaliza chaki ile kwa hatua kumi na saba. Wa kumi na sita ana haraka, wa kumi na nane ana woga. Nilihesabu mtu akienda, nikahesabu akirudi, kwa sababu yeyote anaweza kujitengeneza kwenda. Anaporudi ndipo anatembea kama yeye.

Tatizo lilikuwa kuwapata hao wa kutembea. Simama Makongeni uulize, "Nani anataka kuwa jasusi?" Hupati jibu, unapata maswali. Nani amekutuma? Unakaa kwa nani? Na hicho kitabu cha majina ni cha nini? Ilikuwa imeingia miaka ya themanini, na mitaa yetu ilikuwa na hofu kama nyumba inavyokuwa na unyevu: huoni inapoingilia, lakini kila kitu kinanuka. Ilisemekana kila mstari wa nyumba una sikio moja la serikali, na hakuna aliyejua ni la nani, basi kila mtu akamhofia jirani, na jirani akamhofia yeye. Mtu akitaka kusema neno zito alifungulia redio kwanza. Ukisikia redio inapanda ghafla kwa jirani, ulijua kuna jambo, na ulitoka nje usije ukaambiwa ulisikia. Kwa hiyo sikusema jasusi. Nilisema, "Natafuta mtu wa koti."

Tandu wa pili tulimpata hivyo, tukampoteza kwa mapishi. Alioa, na mkewe alijua chapati. Tulipoanza kutayarisha filamu ya tatu, vifungo vya kifuani vilikataa, vyote sita.

Hapo nieleze ubao, maana ubao ndio ulionifikisha hapa. Baada ya usaili, mpiga picha wetu alimpiga kila mtu picha ya uso, nami nikazibandika kwenye ubao nje ya ukumbi wa mtaa kwa siku tatu, kila moja na namba yake. Sikuweka majina. Mtaa ulipita ukatazama ukasema. "Namba tano? Jasusi gani huyo, na mkewe humtafuta kila Ijumaa kwa sauti?" Na kama mtu alikuwa mwizi, niliambiwa kabla hajatubebea taa. Majina na mahali wanapokaa yalikuwa kwenye kitabu, kwa amri ya Meneja wa Uzalishaji, bwana mmoja aliyekuwa karani wa reli na ambaye hakuamini kitu chochote kisichokuwa na mistari. "Kisichoandikwa hakikutokea," alizoea kusema. Ubao ulikuwa wazo langu mwenyewe. Nilijivunia.

Watu ishirini na wawili walikuja kwenye usaili wa filamu ya tatu. Mmoja alikuwa Rajabu, fundi viatu wa Majengo, jirani yangu, mstari mmoja na mimi. Huo ulikuwa usaili wake wa tatu. Koti lilimkataa mabegani kila mara, na hatua zake zilikuwa kumi na nane, kwenda na kurudi.

"Mama Sauda, safari hii nimejifunza kupumua," akaniambia akivuta tumbo.

"Ungejifunza kupungua, mwanangu."

"Basi niandike tu. Iko siku koti litachoka kunikataa."

Nikamwandika, namba kumi na tano. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, namba kumi na nne, alikuwa kijana mtaratibu aitwaye Barasa, kibarua aliyekaa Mukuru kwa Njenga na kutembea kwa miguu mpaka viwandani kila asubuhi. Nilimvika koti. Likatulia kama lililorudi nyumbani. Akaenda: kumi na saba. Akarudi: kumi na saba. Mkurugenzi alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Usipumue, utamharibu."

Ilipofika zamu ya picha, Barasa hakwenda kwenye kiti.

"Mama, mnipige ya mgongo tu."

Tulicheka. Nikamwambia, "Mgongo hauna macho, mtaa utauambia nini? Ni siku tatu tu."

"Siku tatu ni nyingi."

"Mbili basi."

"Hata moja ni nyingi, Mama."

Mtu mwenye masikio angesikia. Mimi nilisikia bei. Nilimwambia koti hili limengojewa na watu ishirini na wawili, nikamwambia na mishahara ya kibarua anaijua, nikamshika bega nikamketisha mwenyewe. Tukakubaliana siku mbili. Nilifurahi kwa kuwa nimeshinda.

Siku ya pili asubuhi nilipita ukumbini kama kawaida, nikahesabu. Ishirini na moja. Nikahesabu tena kwa kidole. Ishirini na moja. Kati ya kumi na tatu na kumi na tano palikuwa na misumari minne midogo, mmoja bado umeshika kipembe cha karatasi.

Mama muuza mandazi alikuwa hapo karibu, kainamia karai lake. Alisema bila kuinua kichwa, "Mama Sauda, mimi sikuona kitu. Walikuwa wawili, viatu vinang'aa, lakini mimi sikuona."

Nilipofika Baba Dogo walikuwa wameshakaa katika ofisi ya Meneja. Mmoja mnene, mmoja mwembamba mwenye kalamu mfukoni. Yule mwembamba alisimama.

"Shikamoo, Mama."

Nairobi hii, mtu wa aina ile akikuamkia shikamoo, afadhali angekutukana. Nilijibu marahaba.

Akaweka picha mezani. "Namba kumi na nne. Tunaomba jina na anapokaa."

"Kwani amefanya nini?"

"Tumesema amefanya kitu?" Akamgeukia mwenzake. "Tumesema?"

"Hatujasema," akajibu yule mnene. "Sura tu imetupendeza. Si mnatafuta stelingi? Na sisi tunatafuta."

Wakacheka. Meneja hakucheka. Alikuwa kakaa wima, mikono juu ya meza. "Mama Sauda," akasema polepole, "kitabu kimeandikwa ili kisomwe. Kisome."

Nilikifungua. Mistari ilikuwa myekundu, mwandiko ni wangu. Nikaona kumi na nne: Barasa, Mukuru kwa Njenga. Nataka mjue jinsi akili ya mfanyabiashara inavyokwenda haraka ikiogopa. Nilijiambia: Rajabu wanamjua Majengo nzima. Hana sura ya huyu hata kidogo. Wataenda, watamtazama, watatazama picha, watanitukana na kurudi, nami nitasema macho ya mtu mzima yamenipotosha. Hapo nitakuwa nimenunua saa mbili, labda tatu. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote ilikuja sawa. Kidole changu kikashuka mstari mmoja.

"Rajabu," nikasoma. "Majengo. Fundi viatu."

Mwembamba akaandika, akashukuru, akarudisha kalamu mfukoni. Walipotoka Meneja alikichukua kitabu bila kuniangalia. Alikisoma kila jioni kitabu kile, aliyajua majina kuliko mimi. Akang'oa ukurasa, akaukunja mara mbili, akaulisha jiko la makaa lililokuwa likichemsha chai. Yule bwana wa mistari! Tukatazama mpaka ukawa mweusi.

Barasa alitakiwa kuja adhuhuri kulijaribu koti tena. Nilimngoja langoni.

"Picha yako imeng'olewa," nikamwambia. "Wamekuja na viatu vinavyong'aa. Usirudi unapokaa. Nenda."

Hakuuliza ni nani. Rangi ya midomo ilimtoka. "Walishamchukua ndugu yangu," akasema. "Alikuwa akipiga chapa karatasi za kuisema serikali. Mimi hata kusoma sizisomi." Kisha akanitazama sawasawa. "Umewaambia nini, Mama?"

"Nimewapa jina la mtu mwingine."

"La nani?"

"Nenda, wewe."

"Basi mwambie na huyo," akasema Barasa. "Tafadhali. Mwambie na yeye aondoke." Akavuka barabara, hatua zake zile zile, hazikuongezeka wala hazikupungua. Sijamwona tena mpaka leo.

Nilikwenda Majengo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, toka, na nililikariri njia nzima. Nilipoingia mstari wetu niliwaona wawili wengine penye bomba la maji. Mmoja alikuwa akinywa soda iliyokwisha. Aliinua chupa tupu, akaishusha, akaiinua. Ndipo nilipoelewa. Hawakuwa wajinga kama hesabu yangu ilivyotaka. Walikwisha kumwona Rajabu, walijua si yeye. Walikuwa wakingoja mwenye picha aje kwenye nyumba ile.

Mlango wa Rajabu ulikuwa wazi. Nilisikia nyundo yake, tak, tak, halafu kimya cha kuchukua msumari mwingine mdomoni, halafu tak. Ningeweza kusimama kama mteja. Viatu nilikuwa navyo miguuni. Mwenye chupa akanitazama, na mimi nikapita. Nilifika mwisho wa mstari, nikajikemea, nikageuka. Nikaja tena. Nikapita tena. Nilipita mlango ule mara mbili, wanangu, na nyundo haikukosea hata pigo moja.

Niliingia kwangu nikajifungia. Alasiri, waadhini walipokuwa wakiita, nyundo ilinyamaza.

Kesho yake walirudi Baba Dogo kutaka kitabu. Meneja aliwaambia panya wamekula ukurasa. Walimpiga kofi moja, wakavunja taa mbili, wakaondoka, kwa sababu hawakuwa na haja nasi tena, Rajabu walikuwa wameshamchukua. Ukurasa ulipoungua, Rajabu akawa ndiye ukurasa uliobaki.

Walikaa naye siku tisa. Siku ya nne mama yake alikuja kwangu na sahani ya tende. "Wewe unajuana na watu wa picha na wakubwa," akaniambia. "Niulizie, mwenzangu, mwanangu yuko wapi." Nikasema nitauliza. Nilizila zile tende kwa sababu alikuwa akinitazama.

Siku ya kumi Rajabu aliingia godauni asubuhi, kabla kelele za vitanda hazijaanza. Shati lilimning'inia. Hakunisalimu wala hakunilaumu. Alisema, "Mama Sauda, nipe koti."

Nikampa. Akalivaa, akafunga vifungo vyote sita polepole, maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika vizuri. Mabega yalikaa. Akaenda kwenye chaki, akatembea. Sikutaka kuhesabu, lakini nilihesabu. Kumi na saba kwenda. Kumi na saba kurudi.

"Loo!" Mkurugenzi akapiga makofi. "Kumbe tulikuwa naye siku zote!"

Alikuwa Tandu kwa filamu mbili, na wapo wanaosema alikuwa bora kupita wote. Katika ya tatu kuna mahali adui anamkalisha Tandu kwenye kigoda na kumtaka ataje wenzake. Iliandikwa apige kelele, atukane. Rajabu hakupiga kelele. Alitazama mikono yake tu, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai zaidi. Mkurugenzi alisahau kusema kata; kamera ikaendelea kula filamu.

"Umejifunzia wapi hayo?" akamwuliza baadaye.

"Majengo," Rajabu akajibu, na watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nimeshika koti la akiba, navihesabu vifungo ambavyo idadi yake niliijua.

Kazi ile haikuuawa na hofu, iliuawa na video. Kumbi zikawa za harusi na za kanisa, godauni likawa la sabuni. Mkurugenzi alirudi kwao na mikebe yake saba. Meneja nilimzika mwenyewe, kwa maana nilikuwa miongoni mwa waliomwaga udongo. Sauda, binti yangu, alinichukua nikae naye mtaa wa Fedha, na hapo ndipo nilipostaafu rasmi.

Vijana wa kazi hii huja kuniuliza siri. Nawaambia mambo ya kazi: mpime mtu akirudi, si akienda. Usibandike uso wa mtu aliyekuomba usiubandike. Mtu akipunguza bei ya siku tatu hadi sifuri, acha kujadiliana, mwulize anaogopa nini. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Hili lingine sikuwahi kuwaambia. Nililiweka kwa sababu lilikuwa la kwangu na la Rajabu, na niliamini ni mimi peke yangu niliyelijua.

Rajabu alikuja Fedha, Idi ya kwanza niliyoifanya huku. Mvi zilikuwa zimemwingia. Sauda alipokwenda jikoni nilifunga macho nikasema yote, kidole, mstari, chupa ya soda, mlango, mara mbili.

"Nilijua siku ya kwanza," Rajabu akasema. "Waliniambia. Walisema, mama wa picha ndiye katupa jina lako, na wewe tupe la mwenzako, mambo yaishe."

"Na ulimjua?"

"Namba kumi na nne? Tulisimama foleni moja asubuhi nzima. Alinigawia mahindi. Jina lake nilikuwa nalo, na anapokaa nilikuwa napo." Akapuliza chai yake. "Alifika alikokwenda?"

"Sijui."

"Mimi nasema alifika."

Nikamwuliza kwa nini basi alirudi kwangu, kwa nini alifanya kazi mbele ya macho yangu miaka yote ile bila neno.

"Nilitaka kazi, Mama Sauda. Nilikuwa nimeitaka toka zamani, wewe unajua." Akaweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto. "Na nilitaka uwe unaniona."

Nikamwomba anisamehe. Sauda aliingia na sahani, na Rajabu akaanza kumsifu kwa mapishi.

Anakuja kila Idi mpaka sasa. Hukaa kwenye kiti kinachotazama mlango, wala hali chakula kingi. Humwambia Sauda habari za viatu vya siku hizi, vya gundi tupu, visivyojua msumari. Mimi humimina chai, na birika hugonga kikombe. Daktari anasema ni uzee. Rajabu hunitazama mpaka nimalize kumimina, halafu husema ahsante.